Risala ya Wanajeshi Wastaafu na Familia Zao kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Makamanda na maafisa mliopo,
Wazee wetu, mabibi na mabwana,

Sisi wanajeshi wastaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), wake na waume zetu, pamoja na wajane wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki, tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Wamo kati yetu waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wakiwa vijana, ambao sasa wanaukaribia umri wa miaka 70 au wameshaupita. Wamo pia waliorejea kutoka ulinzi wa amani Darfur na Kongo. Nidhamu tuliyofundishwa ndiyo iliyotufanya tuvumilie kimya muda mrefu. Leo tunaleta kwako tuliyoyakuta uraiani, kila jambo na ombi lake.

1. Mheshimiwa Waziri, kuruta hufunzwa kwa miezi kabla ya kuaminiwa bunduki, lakini wengi wetu tulivua sare bila kufunzwa lolote kuhusu maisha ya nje ya kambi. Kambini kulikuwa na ratiba, mshahara na mkubwa wa kumwuliza. Ghafla unakabidhi vifaa, na kiinua mgongo kinaingia benki kwa mkupuo. Mtaa mzima unajua kabla hujakaa chini kupanga. Wapo waliouziwa viwanja vyenye wenyewe, na wapo walionunua basi dogo wakashindwa na matengenezo yake. Mara nyingi mke hakuambiwa hata kiasi kilicholipwa. Tunaomba maandalizi ya kustaafu yaanze walau miaka miwili kabla, yafanyike kikosini katika saa za kazi, na mwenzi wa askari aketi darasani pamoja naye. Hili la mwenzi tunalisisitiza, kwa sababu tumeona nyumba nyingi zikivunjika hapo.

2. Miongoni mwetu wamo madereva wa malori, mafundi mitambo, mafundi umeme, wauguzi, na wapishi waliozoea kulisha mamia ya watu kwa mlo mmoja. Tukiomba kazi tunadaiwa cheti ambacho mwajiri anakitambua. Ndiyo maana wengi tunaishia kulinda mageti usiku. Ni kazi ya halali, lakini taifa linapoteza ujuzi lililoulipia. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Tunaomba upimaji huo ufanyike kambini, askari akiwa bado kazini, na gharama zake zibebwe na jeshi.

3. Familia hutakiwa kuachia nyumba ya kambi hata katikati ya muhula, na watoto huhama shule wakiwa karibu na mtihani. Tunaomba wenye watoto wa darasa la saba na kidato cha nne waruhusiwe kukaa hadi mitihani iishe.

4. Mjane wa askari hufuatilia mafao peke yake. Anatoka mahakamani kwenye mirathi, anarudishwa kwa herufi moja iliyokosewa katika jina, anaanza upya, na nauli anaikopa. Wapo waliokata tamaa, shauri likalala. Tunaomba kila mjane apewe afisa wa kumsindikiza tangu msiba hadi malipo ya kwanza, na majina ya wategemezi yahakikiwe askari angali hai.

5. Shambulio la Semuliki, mashariki ya Kongo, la Desemba 2017 liliua walinda amani wengi wa Tanzania. Wapo waliorudi salama kutoka misheni za namna hiyo, lakini hawalali, wanashtuka mlango ukigongwa, na watoto wao wanawaogopa. Majirani husema ni pombe au kurogwa. Tunaomba kila anayerejea aonwe na mtaalamu wa afya ya akili, afuatiliwe hata baada ya kustaafu, na familia yake ielezwe dalili za kuangalia.

Mheshimiwa Waziri, tunajua hayo yote hayawezekani kwa bajeti ya mwaka mmoja. Tunaomba uanze na ombi la kwanza na la nne, na utuelekeze afisa wa mkoa tutakayempelekea majina ya wajane ambao mafao yao bado hayajalipwa. Orodha tunayo tayari.

Tunaomba kuwasilisha.