Wavu wa shoo: tuanze na upepo

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya kufunga wavu kwenye shoo ya gari, suala la upepo umelipitia juu juu, na hapo ndipo injini inapoumia. Shoo ya mbele ndiyo njia ya hewa kwenda kwenye rejeta na kondensa ya AC. Ukiweka wavu wa matundu madogo kama ule wa kuzuia mbu madirishani, gari litachemka kwenye foleni ya Mandela Road saa nane mchana. Chagueni matundu yanayopitisha ncha ya kidole.

Kuhusu malighafi, mimi nasimama na alumini. Hukatika kwa mkasi wa bati, hukunjika kwa mkono na haishiki kutu kama chuma, ambacho huanza kuoza pale pale kilipokatwa, hasa kwetu huku Pwani. Kateni kwanza kiolezo cha kadibodi, mkijaribishe kwenye nafasi yake, kisha muongeze sentimita mbili au tatu kila upande za kukunjia nyuma ya fremu. Macho ya wavu yalale sawa. Yakipinda kidogo tu, gari zima linaonekana limegongwa.

Gundi peke yake haitoshi, injini inatikisa. Fungeni kwa skrubu na washa.

Jambo moja zito: Toyota nyingi za miaka ya karibuni zina rada nyuma ya nembo ya mbele. Msiweke wavu wowote wa metali mbele yake, hata wa alumini. Muulizeni fundi umeme wa magari kabla hamjakata chochote.