Kompyuta si mwalimu

Tangu programu za akili mnemba zilipoanza kuenea ulimwenguni mwishoni mwa mwaka 2022, nchi maskini zimekuwa zikiahidiwa kwamba sasa kila mtoto atakuwa na mwalimu wake mkononi. Ahadi hiyo ni tamu, na sisi hatumo katika wanaoichukia elimu mpya. Lakini mwenye busara hutazama nyuma kabla ya kufungua mfuko, kwani ahadi inayofanana na hii tuliwahi kuisikia.

Mwezi Novemba mwaka 2005, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu habari na mawasiliano uliofanyika mjini Tunis, Profesa Nicholas Negroponte wa Marekani alionesha kompyuta ndogo iliyokusudiwa watoto wa nchi maskini. Pamoja naye alikuwepo Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja huo wakati ule. Ilielezwa kuwa bei yake itakuwa dola 100, na kila mtoto atamiliki yake. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, bei ilikaribia dola 190. Hata hivyo nchi kadhaa zilizinunua, na Peru ikawa miongoni mwa zilizonunua nyingi zaidi, kompyuta zaidi ya 800,000.

Matokeo yake yalikuwa nini? Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walizichunguza shule 319 za vijijini nchini humo, na mwaka 2012 wakatangaza walichokiona. Katika hisabati na lugha, watoto waliopewa kompyuta hawakuwazidi wenzao. Haki isemwe: walijifunza kuitumia mashine yenyewe, na katika majaribio ya kufikiri walionesha nafuu kidogo. Lakini uchunguzi wa baadaye, uliotumia kumbukumbu za elimu hadi mwaka 2019, haukuona kwamba wanafunzi hao walimaliza shule wala kuingia chuo kikuu kwa wingi kuliko wengine.

Sababu hazikujificha. Shule nyingi hazikuwa na intaneti. Na kubwa kuliko hilo, kompyuta iliingia darasani, lakini namna ya kufundisha ikabaki ile ile.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga shule, watafiti nchini Botswana walitumia simu za kawaida walizokuwa nazo wazazi. Familia nyingine zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa maandishi kila wiki. Nyingine zilipata ujumbe huo, kisha mkufunzi akawapigia simu kwa dakika chache, akazungumza na mzazi na mtoto juu ya hesabu ile. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonesha nafuu iliyo dhahiri. Waliopigiwa simu waliendelea mbele. Chombo kilikuwa kimoja; kilichowatofautisha ni sauti ya mtu aliyemsikia mtoto anakosea wapi.

Sisi tuliopitia chuoni hatustaajabu. Ubao tulioandikia haukumfundisha mtu herufi hata moja. Aliyetufundisha ni maalimu aliyeketi mbele yetu, akasikia tulipokosea, akatusahihisha papo hapo. Kwa sababu hiyo wanazuoni hawakuuliza tu mtu amesoma kitabu gani, bali waliuliza amekisoma kwa nani.

Jambo hili linatuhusu hapa kwetu. Majirani zetu wa Kenya walisikia ahadi ya kompyuta za wanafunzi wa darasa la kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2013, na ugawaji wa vishikwambi ukaanza mwaka 2016. Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Kumwanzia mwalimu ni kuanzia mahali panapostahili. Lakini kumkabidhi mwalimu chombo ni hatua ya kwanza tu. Nani atamfundisha kukitumia katika somo lake? Kikiharibika kitatengenezwa na nani, na kwa fungu lipi? Masomo yaliyomo yako katika lugha anayoielewa mtoto wa darasa la pili? Na kule ambako darasa moja lina watoto mia, je, si mwalimu wa pili ndiye aliyetangulia kuhitajika?

Maswali haya yaulizwe kabla ya mikataba kutiwa saini, si baada ya mashine kujaa vumbi stoo. Fedha hizo ni amana, ziwe za kodi, za mkopo au za msaada. Mkopo utalipwa na watoto hao hao watakapokuwa watu wazima, wawe wamejua kusoma au hawakujua. Na mtoto aliyepitwa na darasa la pili bila kujua kusoma, mwaka wake ule haurudishwi na mfadhili yeyote.

Basi teknolojia na ije, tena ije kwa wingi. Lakini ije ikiwa mtumishi wa mwalimu, wala isiletwe kuwa kisingizio cha kutomwajiri, kutomfunza na kutomlipa.