Je, Sumaku Haina Athari kwa Vitu Visivyo Chuma?

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hupewa sumaku, misumari, chaki, kijiti na kipande cha kioo, kisha huagizwa avitenge katika mafungu mawili: vinavyovutwa na visivyovutwa. Zoezi hilo ni jema. Kosa huanza pale fungu la pili linapoandikwa ubaoni kuwa ni la vitu ambavyo sumaku haina athari juu yake. Maneno hayo yalikwisha kukanushwa mwaka 1845, Michael Faraday alipoonyesha mjini London kwamba kioo kizito, kikining'inizwa karibu na sumaku yenye nguvu nyingi, husukumwa kidogo.

Kukanusha kwa siku za karibuni ni kwa ajabu zaidi, maana kunahusu joto. Katika fuwele, atomi zimepangwa safu kwa safu na kushikana kana kwamba zimefungwa kwa springi. Ncha moja ikipashwa moto, atomi zake hutetemeka, na mtetemo hupokezanwa hadi ncha ya pili kama wimbi. Wimbi hilo ni ndugu wa sauti. Chembe yake moja, iliyo ndogo kabisa, huitwa fononi.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, wakiongozwa na Joseph Heremans, walitangaza matokeo ya jaribio juu ya indiamu antimonaidi, kitu ambacho sumaku haikivuti. Fuwele ilichongwa mfano wa uma wa meno mawili, moja la upana wa milimita 4 na jingine la milimita 1, ikapozwa hadi karibu nyuzi 268 chini ya sifuri ya Sentigredi. Katika baridi hiyo mitetemo husafiri mbali. Ndani ya jino jembamba huishia kugonga kuta. Ndani ya jino pana hupata nafasi zaidi ya kugongana yenyewe kwa yenyewe. Ulipowekwa uga wa sumaku wa tesla 7, joto lililopita katika jino pana lilipungua kwa asilimia 12. Maelezo ya watafiti ni kwamba atomi zinapotetemeka ndani ya uga huo, nguvu inayozishikanisha hubadilika kidogo, na fononi hugongana mara nyingi zaidi.

Wasitokee, basi, wa kudai kwamba injini zitapozwa kwa sumaku. Tesla 7 ni zaidi ya mara laki moja ya uga wa dunia, na katika joto la kawaida athari hiyo humezwa na vurugu za mitetemo mingine.

Baadhi ya walimu watasema kuwa habari hizi zitamchanganya mtoto. Lakini hapana haja ya kumtajia fononi. Yatosha ubaoni paandikwe "sumaku hii haikuonyesha mvuto" mahali pa "sumaku haina athari". Sentensi ya kwanza hueleza kilichopimwa. Ya pili hudai kisichopimwa, na ndiyo inayofunga mlango wa swali. Mwenye shaka na aning'inize risasi ya penseli kwa uzi mwembamba, ilale sawa, pasipo upepo, kisha aisogezee polepole sumaku kali iliyotolewa katika diski ya kompyuta iliyoharibika. Risasi itajitenga nayo.