Anayekoroma asichekwe, asikilizwe

Kwa miezi sita sasa, nyumbani kwangu hapa Kamembe kuna kikapu chini ya kitanda ambacho mama watoto anakiita "duka la baba". Ndani yake mna kibanio cha pua chenye sumaku, mkanda wa kufunga kidevu, pakiti mbili za plasta za puani, kinga ya meno ya plastiki na chupa ya dawa ya kupulizia kooni. Vyote nilivinunua kwa sababu moja tu: ninakoroma. Nakoroma kiasi kwamba watoto walihamia chumba cha mbele kwa hiari yao, na jirani yetu, mzee wa heshima zake, aliniuliza siku moja kama tumefunga mashine ya kusaga.

Najua wengi mtacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini naomba mnivumilie, kwa maana nilichojifunza kutokana na kikapu hicho kinawahusu pia ninyi mnaovuka daraja la Rusizi ya Kwanza alfajiri na kurejea jioni mkiwa hoi, na kinawahusu madereva wanaopita msitu wa Nyungwe usiku na mizigo yenu.

Sisi tuliokulia uhamishoni tunaujua mkoromo kuliko watu wengine. Kule Ngara, Tanzania, tulilala watu tisa katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Babu alikoroma usiku kucha, na kwetu watoto ile sauti ilikuwa kama mlinzi: ukishtuka usiku ukaisikia, unajua mzee yupo na mlango umefungwa. Mara nyingine sauti ilikatika ghafla. Kimya. Kisha babu aliguta kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Tulikuwa tunahesabu kile kimya kwa vidole, tukishindana nani atapatia. Ulikuwa mchezo wetu.

Babu alifariki usingizini mwaka niliomaliza darasa la saba. Watu wakasema ametiliwa sumu, na familia mbili za wakimbizi, zilizokuwa zikigawana hata chumvi, hazikusalimiana tena mpaka tuliporejea Rwanda. Sitasema kwamba kilichomuua babu ni mkoromo. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewauliza watoto wale walikuwa wanahesabu nini.

Turudi kwenye kikapu. Cha kwanza kununua kilikuwa kile kibanio, faranga 2,000, kwa dada mmoja wa Bukavu aliyenihakikishia: "Mwalimu, hii iko muzuri sana, utalala sawa mutoto." Niliamka pua imevimba na mama watoto macho mekundu. Baadaye nilielewa sababu. Kwa wengi wetu sauti ya kukoroma haitoki puani. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kaakaa laini, kimio na shina la ulimi huziba njia ya hewa nusunusu, na hewa inayolazimisha kupita hutikisa nyama hizo. Sumaku iliyobana ncha ya pua itafika kooni kwa njia gani?

Plasta za puani zina haki yao. Hupanua matundu ya pua, na wakati wa mafua nilipumua vizuri zaidi. Dawa ya kupulizia ilinipa harufu ya mnanaa, basi. Mkanda wa kidevu ndio ninaowaonya nao: unafunga mdomo, na kama pua imeziba, kama yangu usiku ule, unaamka unatweta kama samaki wa Kivu aliyetupwa mtumbwini. Niliukata kwa kisu gizani.

Kinga ya meno ilinidanganya kwa namna nyingine, kwa sababu ilifanya kazi. Unaichovya katika maji ya moto, unaiuma ili ichukue umbo la meno yako, nayo usiku inavuta taya la chini mbele kidogo ili ulimi usiangukie nyuma. Madaktari wa meno hutengeneza kifaa cha aina hiyo kwa vipimo vya mgonjwa na kinawafaa wengi. Changu kilikuwa cha sokoni, lakini sauti ilipungua hata watoto wakarudi chumbani mwao. Nilianza kutembea kifua mbele. Wiki ya pili mama watoto akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Baba watoto, siku hizi hukoromi sana, lakini bado unakufa."

Alikuwa amekaa macho na simu mkononi akipima. Kimya cha sekunde 12. Cha sekunde 15. Kimoja cha 22, kisha ule mguto. Nikamkumbuka babu.

Ugonjwa huu una jina, apnia ya usingizi. Njia ya hewa hujifunga kabisa au karibu kabisa kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kidogo ili avute pumzi, naye asubuhi hakumbuki lolote. Ikitokea mara 5 au zaidi kwa saa, tena mtu anasinzia mchana, huo ni ugonjwa. Ikifika mara 30 ni hali mbaya. Huenda pamoja na presha, maradhi ya moyo na kiharusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet la tiba ya upumuaji ulikadiria kuwa watu milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanao.

Dalili nilikuwa nazo zote, nikizipa majina mengine. Kichwa kuuma asubuhi niliita malaria. Kusinzia juu ya madaftari ya wanafunzi niliita uchovu. Siku moja nilisinzia nikiwa nimepakiwa kwenye pikipiki kutoka Bugarama, na dereva akanipiga kiwiko. Hiyo sikuipa jina lolote, na nyumbani sikuisema.

Daktari niliyemwendea hakutazama kikapu changu hata kidogo. Alipima presha, ikawa juu. Akazungusha utepe shingoni: sentimita 43. Akaeleza kwamba shingo inayozidi sentimita 40, presha, kusinzia mchana na mtu wa kando anayeshuhudia pumzi ikikatika, vikikutana ni sababu tosha ya kupimwa usingizi. Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia kifuniko cha pua ili koo lisijifunge, iliyotangazwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Inahitaji umeme usiku kucha na bei yake si ya mshahara wa mwalimu. Ila yapo yasiyo na bei: kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe ya jioni na sigara. Nimeshonea mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili nisilale chali. Kuna hata utafiti wa Uswisi wa mwaka 2006, katika jarida la BMJ, ulioonyesha kwamba wagonjwa waliojifunza kupuliza didgeridoo, lile baragumu refu la wenyeji wa Australia, walipata nafuu baada ya miezi minne kwa kuwa koo lilipata mazoezi. Nimefikiria kuomba kazi kwa wapuliza amakondera.

Kuna bidhaa moja inayopita mipakani ambayo sipendi kuifanyia utani, nayo ni vidonge vya usingizi. Mfanyabiashara asiyelala vizuri huvinunua kwa kificho akidhani anajisaidia. Kwa mwenye apnia vinaweza kulegeza koo zaidi na kumchelewesha ubongo kumwamsha, hasa vikichanganywa na pombe. Msinunue wala msivibebe.

Na sisi walimu tujitazame. Mtoto anayesinzia darasani tumezoea kumsimamisha mbele ya wenzake. Nimewahi kufanya hivyo, na leo najiuliza wangapi kati yao walikuwa na mafindofindo yaliyovimba yakiwaziba koo usiku. Kumwita mzazi na kumuuliza kama mtoto anakoroma hakuhitaji bajeti.

Ombi langu kwa viongozi wa afya ni dogo. Kila anayepimwa presha katika kituo cha afya aulizwe swali moja zaidi, tena aulizwe pamoja na mwenza wake: akilala, pumzi hukatika? Washauri wa afya wa vijijini wanaoingia majumbani kila siku nao wafundishwe swali hilo. Na kwa kuwa sheria ya 2018 iliyounda Rwanda FDA iliweka vifaa tiba chini ya mamlaka hiyo, basi vibanio na mikanda hii inayouzwa pamoja na vitana na betri iangaliwe. Simlaumu dada wa Bukavu. Naye aliuziwa maneno hayo hayo kwa jumla. Tatizo ni kwamba kifaa kinachoondoa sauti na kuacha ugonjwa kinamnyima mke ile kengele iliyokuwa ikimwamsha.

Kikapu bado kipo, mama watoto amekataa nisikitupe. Nimepewa barua ya kwenda kupimwa Kigali, na Jumatatu ijayo nitapanda basi la asubuhi. Nimeomba kiti cha nyuma ya dereva, ili nimuulize kabla hatujaingia Nyungwe kama nyumbani kwake wanalalamika.