Matador Hazaliwi

Ipo imani kongwe kwamba kupigana na fahali ni jambo la damu: Mhispania huzaliwa nalo, na mgeni ajitahidi awezavyo, atabaki mwigaji. Maisha ya Ricardo Chibanga yanatosha kuiangusha. Mwana huyu wa Mafalala, mtaa wa makabwela wa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, alizaliwa mwaka 1942, mbali kabisa na mashamba ya mafahali ya Andalusia. Alichokipata ni uwanja wa mapambano uliojengwa na Wareno jijini kwao, kisha mafunzo nchini Ureno. Agosti 15, 1971, mjini Sevilla, mkongwe Antonio Bienvenida alimkabidhi upanga na kitambaa katika alternativa, sherehe inayomfanya mwanagenzi awe matador kamili.

Watetezi wa damu watajibu kwamba aliitwa El Africano, na kwamba watu walikwenda kukitazama kioja. Watazamaji huenda walivutwa na ugeni wake. Fahali wa kilo 500 havutwi nao, na asiyeujua mwendo wake huumia. Wengine watadai kwamba César Rincón wa Kolombia, aliyebebwa mabegani kupitia lango kuu la Las Ventas, Madrid, mara 4 katika mwaka 1991, ana asili ya Kihispania hata kama ni ya mbali. Haya, Sidney Franklin, mtoto wa Wayahudi wa Brooklyn aliyepewa alternativa Madrid mwaka 1945, aliirithi wapi? Hata Rodolfo Gaona wa Mexico, ambaye Wahispania wenyewe wanatumia jina lake kuuita mtindo wa gaonera, alifundishwa na Mhispania, Saturnino Frutos. Kwamba matador wengi ni Wahispania hakuhitaji fumbo la damu: ng'ombe wa kujifunzia wako kwenye mashamba ya huko, na anayejuana na wenye mashamba hutangulia.

Nalishikilia hili kwa sababu kinachoitwa damu hakihojiwi, na kumchoma mnyama mpaka afe mbele ya halaiki kunastahili kuhojiwa. Katalunya ilipiga marufuku mwaka 2010. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikabatilisha, ikisema kwamba huu ni urithi wa utamaduni wa Hispania nzima, na jimbo peke yake halina mamlaka ya kuufuta. Sikubaliani na uamuzi huo, lakini angalau unazungumzia utamaduni, kitu ambacho kijana wa Mafalala aliweza kujifunza na ambacho kijana wa Sevilla anaweza kukikataa.