Kazi za Mikono: Chubwi la Mshipi

Mwezi huu twapenda kunena habari za kitu kidogo, ambacho mvuvi akikisahau aweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Nacho ni chubwi, yaani kile kizito kifungwacho katika mshipi ili ndoana izame.

Vijana wa Arusha na Tengeru hulitazama ziwa Duluti, lililo ndani ya shimo la volkano ya kale, wakatamani kuvua perege. Wazazi, wafundisheni kwanza kuomba ruhusa ya wenye kulilinda. Kisha wafundisheni kazi za chubwi.

Kazi ya kwanza ni kupima kina. Shusha chubwi bila chambo hata mshipi ulegee. Hapo limegusa chini. Tia alama kwa uzi, na sasa wajua mahali pa kufunga boya.

Kazi ya pili yataka chubwi lenye tundu. Pitisha mshipi katika tundu, kisha piga fundo kubwa chini yake ili lisiteleze mpaka kwenye ndoana. Samaki akivuta chambo, mshipi hupita tunduni, naye hausikii uzito wala hashtuki.

Kazi ya tatu yafaa penye matope. Funga chubwi mwisho kabisa wa mshipi, na ndoana juu yake kadiri ya shibiri mbili. Chubwi litazama topeni, lakini chambo kitaonekana.

Njia hizi mbili za mwisho zatumiwa sana na wavuvi wa besi, samaki wa Marekani mwenye kinywa kipana, ambaye jirani zetu wa Kenya wanaye katika ziwa Naivasha tangu alipotiwa humo mwaka 1929.

Lakini liko neno zito kuliko chubwi lenyewe. Machubwi mengi hufanywa kwa madini ya risasi. Risasi huyeyuka upesi, kwa moto wa nyuzi 327 tu, na kwa hiyo wako watu waiyeyushao jikoni, katika sufuria ya chakula. Tena vijana hubana vipande vyake kwa meno. Twawasihi sana, jambo hili likome. Risasi ni sumu; huidhuru akili ya mtoto polepole, wala hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo watu walichekecha udongo wenye risasi ya betri kuukuu. Nako Uingereza, kuuza machubwi mengi ya risasi kulikatazwa mwaka 1987, kwa kuwa ndege wa majini waliyameza wakafa.

Je, mvuvi atumie nini? Nati kuukuu ya chuma yafaa sana, maana tundu lake i nalo tayari. Hata jiwe lafaa, nalo halina gharama. Walimu, hapa pana somo jema la hesabu. Risasi ni nzito kuliko maji mara 11 na zaidi, chuma karibu mara 8, jiwe gumu kama mara 2 na nusu. Likiwa majini, jiwe hupoteza sehemu mbili katika tano za uzito wake, na risasi sehemu moja tu katika kumi na moja. Kwa hiyo penye risasi ya gramu 20, weka jiwe la gramu 30. Wanafunzi na walitundike jiwe penye mizani, kwanza hewani, kisha ndani ya ndoo ya maji, wajionee wenyewe. Ila wasiokote mawe yenye matundu yaliyotupwa na volkano, kwa kuwa ni mepesi mno.

Basi, leo jioni mtazame jikoni kwenu. Ikiwa iko sufuria iliyoyeyushiwa risasi, isipikiwe tena chakula cha watoto.