Si Kila Nyumba ya Kiwandani ni Kontena

Tangu Mkataba wa Amani wa 2005, Juba imepokea nyumba nyingi zilizoundwa kiwandani, nasi huziita zote kontena. Hilo ni kosa. Kontena ni sanduku la chuma la kubebea shehena. Likitobolewa madirisha tu, bila dari wala kivuli, huwa tanuri. Machi 2024 shule zetu zilifungwa kwa sababu ya joto. Je, familia ya askari ilalayo ndani ya chuma?

Nyumba ya paneli ni nyingine: mabati mawili, katikati povu lizuialo joto, ingawa povu hafifu hushika moto upesi. Hata mhandisi Peter Nissen wa jeshi la Uingereza, alipobuni kibanda chake cha bati mwaka 1916, aliweka mbao ndani.

Ndugu zetu polisi wa Uganda wana vibanda vya bati waviitavyo "mama ingia pole", kwani mlangoni sharti uiname. Jina linachekesha, kulea watoto humo hakuchekeshi.

Twawataka wanaoagiza makao ya askari waulize kwanza: kati ya bati la nje na la ndani kuna nini? Kisha waezeke paa la pili juu yake.